Mwizi wa Barua Ahukumiwe kwa Idadi ya Watu Aliowaibia

Kati ya Aprili na Julai 2023, karani mmoja wa kituo cha kuchambulia barua mjini Charlotte, North Carolina, alikuwa akichomoa hundi kutoka kwenye barua zilizopita mikononi mwake. Zilikuwamo hundi za watu binafsi, za kampuni, na hata zilizotolewa na Hazina ya Marekani yenyewe. Alizikabidhi kwa wenzake wawili, nao wakazianika kwenye chaneli ya Telegram ili zinunuliwe na yeyote mwenye fedha. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walipopiga hesabu, thamani ya hundi zilizoibwa ilizidi dola milioni 24. Wote watatu walikiri makosa.

Hiyo ilikuwa kesi ya mamilioni, yenye mtumishi wa posta ndani yake na hundi za serikali kuu juu yake. Kesi ya namna hiyo haikosi mpelelezi wala mwendesha mashtaka. Anayewakosa wote wawili ni bibi aliyetumbukiza hundi ya kodi ya nyumba kwenye sanduku la kona ya mtaa, akagundua wiki mbili baadaye kwamba jina la mlipwaji limebadilishwa na akaunti yake imekauka. Akienda polisi, mara nyingi huambiwa kuwa barua ni jambo la serikali kuu. Akiiandikia serikali kuu, lalamiko lake huingia kwenye rundo la malalamiko ya maelfu kwa maelfu ya watu wengine.

Pengo hilo lina dawa, na dawa hiyo iko mikononi mwa mabunge ya majimbo 50. Kila jimbo linahitaji sheria yake ya jinai dhidi ya wizi wa barua, sheria inayopima kosa kwa idadi ya watu walioibiwa badala ya bei ya karatasi iliyoibwa. Majimbo machache yamekwisha kuonyesha njia. Mengine hayana sababu ya kuendelea kungoja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kwenda na ufunguo wake kwenye S.L.P., ukubwa wa jambo hili unahitaji maelezo kidogo. Marekani, barua humfuata mtu nyumbani. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Shirika la Posta la nchi hiyo lilibeba barua na vifurushi takriban bilioni 116, kwenda kwenye anwani karibu milioni 167. Katika mitaa mingi sanduku la barua husimama juu ya nguzo fupi kando ya barabara, mara nyingi bila kufuli. Majengo ya ghorofa na mitaa mipya huwa na kabati moja la chuma lenye vijisanduku vingi. Kwenye kona za miji yapo masanduku ya buluu ya kutumbukizia barua zinazosafirishwa. Mtu akitaka kutuma barua bila kutoka mtaani kwake, huiweka kwenye sanduku la nyumbani na kuinua kibendera kidogo chekundu kilicho ubavuni, ili tarishi ajue kuna mzigo wa kuchukua. Mwizi naye hukiona kibendera hicho.

Makabati ya chuma na masanduku ya buluu hufunguliwa na ufunguo ambao watu wa posta huuita ufunguo wa mshale, kwa sababu ya alama ya mshale iliyochongwa juu yake. Mmoja tu hufungua masanduku ya eneo zima. Mkaguzi Mkuu wa Shirika la Posta alipochunguza usimamizi wa funguo hizo mwaka 2020, alikuta kwamba shirika halikujua ni ngapi zilizokuwa mikononi mwa watumishi wake. Mhalifu anayeupata ufunguo huo hahitaji kuvunja chochote. Anafungua kabati la jengo lenye familia arobaini, anazoa barua zote kwa dakika chache, na asubuhi kufuli liko palepale, zima.

Ndiyo maana tarishi amegeuka windo. Katika mwaka wa fedha wa 2022 matarishi 412 waliporwa wakiwa kazini. Mwaka uliofuata idadi ilipanda hadi 643. Wengi wa waporaji hawakutaka pochi ya tarishi wala simu yake, walitaka ufunguo. Katika mwaka huohuo wa 2022 Shirika la Posta lilipokea taarifa 38,500 za wizi mkubwa kutoka kwenye masanduku ya barua, yakiwemo yale ya buluu. Nyuma ya kila takwimu kati ya hizo 643 yupo mtu aliyevaa sare, akitembea peke yake nyumba hadi nyumba, aliyeporwa, mara nyingi kwa sababu ya kipande cha chuma kilichofungwa kiunoni mwake.

Ndani ya bahasha, windo kuu ni hundi. Wamarekani bado huitumia kulipia kodi ya nyumba, fundi bomba, ada ya shule na sadaka ya kanisa. Mwizi huichukua, huiosha wino kwa asetoni, dawa ileile ya kuondolea rangi ya kucha, kisha huandika jina jipya na kiasi kipya. Saini ya mwenyewe hubaki ya kweli. Nyingine haziguswi kabisa: hupigwa picha na kuuzwa mtandaoni, soko ambalo watafiti wa Georgia State University, akiwemo David Maimon, wamelifuatilia kwa miaka kadhaa. Huko ndiko hundi ya fundi seremala wa mji mdogo hununuliwa na mtu aliye majimbo matatu mbali.

Hesabu za benki zinaonyesha kasi ya jambo hili. FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, ilitoa tahadhari Februari 2023 ikieleza kwamba taarifa za benki kuhusu hundi zinazotiliwa shaka zilikuwa zaidi ya 350,000 mwaka 2021, kisha zikafika zaidi ya 680,000 mwaka 2022. Baada ya tahadhari hiyo idara ikachambua miezi sita tu, kuanzia mwisho wa Februari hadi mwisho wa Agosti 2023. Taasisi za fedha 841 zilikuwa zimewasilisha taarifa 15,417 zinazohusiana na wizi wa barua, zenye miamala ya zaidi ya dola milioni 688. Asilimia 44 ya hundi zilizotajwa humo zilibadilishwa maandishi kisha zikawekwa benki. Asilimia 26 zilitumika kama kielelezo cha kutengenezea hundi bandia. Asilimia 20 zilitiwa saini ya uongo na kuwekwa vivyo hivyo.

Fedha ni sehemu tu ya hasara.

Wizara inayowahudumia wanajeshi wastaafu husafirisha kwa posta karibu asilimia 80 ya dawa wanazoandikiwa wagonjwa wake wanaotibiwa bila kulazwa. Mzee aliyepigana Vietnam asiyepata dawa yake ya moyo kwa sababu kabati la jengo lake limefagiliwa usiku hana hasara ya dola mia mbili. Ana hasara isiyo na bei. Kadi mpya za benki hupitia humohumo. Kadi za bima ya jamii, ambazo mwizi akizipata anaweza kufungua akaunti na kuomba mikopo kwa jina la mwingine, hupitia humo pia. Karatasi za kura katika majimbo yanayopiga kura kwa posta nazo ni barua.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo wakimbizi wengi zaidi wamepewa makazi Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao ni watu wa Kivu na Katanga wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wanaishi Houston, Phoenix, Louisville, Des Moines, Portland ya Maine na kwingineko, mara nyingi kwenye majengo yenye kabati moja la barua kwa familia nyingi. Kibali chao cha kazi, kadi yao ya ukaazi wa kudumu, kadi ya bima ya jamii na barua ya kuitwa kwenye usaili wa uhamiaji huja kwa posta. Kadi ikiibwa baada ya kumbukumbu za posta kuonyesha kwamba imefika, mwenyewe mara nyingi hulazimika kuomba upya na kulipa ada upya. Kadi ya ukaazi ada yake tangu Aprili 2024 ni dola 465 kwa anayeomba kwa karatasi. Wakati huo wote mwajiri anataka kuona kadi, na kadi haipo. Mtu huyo hakukosea anwani wala hakuchelewa kufungua sanduku. Mwizi amemwibia miezi ya maisha yake, na sheria ya jimbo analoishi huenda ikaiona bahasha ile kuwa karatasi ya senti chache.

Sheria ya serikali kuu ipo, na ni kali. Anayeiba barua, au anayekaa na barua akijua ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Anayeiba au kughushi ufunguo wa posta anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Anayempora tarishi na kuhatarisha maisha yake kwa silaha anaweza kufungwa hadi miaka 25. Tatizo ni mikono ya kuishika sheria hiyo. Idara ya Upelelezi ya Posta, ambayo huhesabu mwanzo wake tangu siku za Benjamin Franklin aliyeteuliwa kuwa Mkuu wa Posta mwaka 1775, ina wapelelezi zaidi kidogo ya elfu moja kwa nchi nzima. Wapelelezi haohao hushughulikia pia dawa za kulevya zinazosafirishwa kwa posta, ulaghai, mabomu na picha za unyanyasaji wa watoto. Kati ya Machi 2020 na Februari 2021 peke yake idara ilipokea malalamiko 299,020 ya wizi wa barua, ongezeko la asilimia 161 juu ya kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia. Hata kama kila mpelelezi angeacha kazi nyingine zote, angekuwa na malalamiko mamia mezani kwake.

Kwa upande mwingine, Marekani ina idara za polisi za majimbo, kaunti na miji zipatazo 18,000. Askari wao ndio wanaosimamisha gari saa nane usiku na kukuta mfuko wa barua kwenye kiti cha nyuma. Waendesha mashtaka wa kaunti ndio wanaofungua kesi za kila siku. Waendesha mashtaka wa serikali kuu, waliogawanywa katika wilaya 94 za mahakama, huchagua kesi zao, na kwa kawaida huchagua magenge na mamilioni. Askari wa kaunti akimkamata mtu na barua za nyumba hamsini, swali lake la kwanza ni hili: amshtaki kwa kosa gani la jimbo?

Pale ambapo jimbo halina kosa mahsusi la wizi wa barua, jibu ni wizi wa kawaida, na wizi wa kawaida hupimwa kwa thamani. New York, wizi huwa kosa kubwa la jinai mali ikizidi dola 1,000. Hata Texas, kwa wizi usio wa barua, kiwango hicho ni dola 2,500. Sasa barua ya hospitali ina thamani gani? Kadi ya benki ambayo haijawashwa je? Taarifa ya pensheni yenye jina, anwani na tarakimu za akaunti? Mbele ya mizani ya dola, mfuko wenye siri za familia hamsini unaweza kuonekana mwepesi kuliko simu moja ya mkononi. Ni sawa na kumhukumu aliyeiba akiba ya mbegu za kijiji kwa bei ya gunia tupu.

Washington iliona kasoro hiyo mapema. Jimbo hilo la kaskazini magharibi lina kosa linaloitwa kwa jina lake, wizi wa barua, na kipimo chake kiko wazi: mtu akiiba barua zisizopungua kumi, zilizoandikiwa anwani tatu au zaidi, ametenda kosa kubwa la jinai ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka mitano. Kukaa na barua hizo akijua ni za wizi ni kosa la pekee lenye uzito uleule. Askari hahitaji kukadiria bei ya bahasha. Anahesabu bahasha, anahesabu anwani.

Texas ilifuata mwaka 2019 kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Septemba mwaka huo. Sheria hiyo imepanga ngazi. Aliyewaibia watu wasiofika kumi ametenda kosa dogo la daraja la juu. Aliyewaibia watu kumi na kuendelea, lakini wasiofika thelathini, amevuka mstari na kuingia kwenye makosa makubwa. Walioibiwa wakifika thelathini, adhabu hupanda tena. Georgia nayo mwaka 2021 ilitunga makosa mawili kwa pamoja: kukaa na barua za wizi, na kuiba vifurushi vilivyoachwa kwenye baraza za nyumba. Kifungo chake ni kati ya mwaka mmoja na mitano.

California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, linaonyesha upande wa pili. Kifungu cha 530.5 cha sheria yake ya adhabu kinautaja wizi wa barua, jambo ambalo ni jema, lakini kikomo cha adhabu ni mwaka mmoja katika jela ya kaunti. Kifungu hicho hakitofautishi kati ya kijana aliyechukua bahasha moja ya jirani na genge lililofagia makabati ya mtaa mzima kwa ufunguo wa wizi. Mwendesha mashtaka anayetaka kuonyesha tofauti hiyo hulazimika kutafuta vifungu vingine vya kuunganisha, kama vile vya wizi wa utambulisho, na kila kifungu kina ushahidi wake wa kuthibitisha. Sheria inayomtaka mtu azunguke hivyo ili kusema jambo la wazi inahitaji kurekebishwa.

Wapo wanaodai kwamba majimbo hayana mamlaka juu ya barua kwa kuwa posta ni ya serikali kuu. Hoja hiyo haina msingi. Kwa muda mrefu Mahakama ya Juu ya Marekani imeshikilia kwamba jimbo na serikali kuu ni mamlaka mbili, kila moja na sheria zake, na ilithibitisha msimamo huo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble kwa kura 7 dhidi ya 2. Tendo moja laweza kuwa kosa mbele ya zote mbili. Sheria za Washington, Texas na Georgia zinatumika pamoja na ile ya serikali kuu bila kugongana nayo. Kinachokosekana kwingineko ni utashi.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa watu wanaoogopa magereza kujaa, na inastahili kusikilizwa kwa makini. Marekani imewahi kujaribu ukali wa kupindukia katika jambo hilihili. Sheria ya posta iliyosainiwa na Rais George Washington Februari 1792 iliweka adhabu ya kifo kwa wizi wa barua wa aina fulani. Desemba 1829 wanaume wawili, James Porter na George Wilson, waliteka gari la barua huko Pennsylvania. Porter alinyongwa Philadelphia mwaka uliofuata. Wilson alisamehewa na Rais Andrew Jackson lakini akaukataa msamaha huo, na mwaka 1833 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba msamaha usiopokelewa na mhusika hauna nguvu mahakamani. Kisa hicho kinasomwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Kitanzi kilikuwapo, na gari la barua lilitekwa vilevile.

Elimu ya jinai ya leo inaeleza sababu. Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani imekusanya matokeo ya utafiti wa miaka mingi na kuyafupisha hivi: uhakika wa kukamatwa humzuia mhalifu kwa nguvu kubwa kuliko urefu wa kifungo. Anayetetea sheria kali dhidi ya wizi wa barua hana budi kuukubali ukweli huo, kwa sababu unaunga mkono hoja yake. Miaka mitano ya serikali kuu haimtishi mtu anayejua kwamba wapelelezi ni wachache na hawatamfikia. Kinachoweza kumtisha ni kujua kwamba askari yeyote wa kaunti akimkuta na mfuko wa barua usiku huo anaweza kumfungulia mashtaka asubuhi. Sheria nzuri ya jimbo huongeza idadi ya wanaoweza kukamata na kushtaki. Haihitaji kuongeza hata siku moja juu ya kifungo cha serikali kuu.

Kwa hiyo ngazi ni muhimu kuliko vitisho. Kijana wa miaka kumi na minane aliyechukua bahasha moja asitiwe kapu moja na muuza hundi wa Telegram. Aliyeiba kwa mara ya kwanza, kwa watu wachache, apelekwe kwenye adhabu ya kurejesha alichochukua na kazi za jamii. Mlevi wa dawa za kulevya anayeiba barua ili apate dozi, na wapo wengi, apewe matibabu chini ya usimamizi wa mahakama. Kifungo kizito kibaki kwa anayepanga, anayenunua, anayeosha hundi, na anayemtolea tarishi silaha.

Sheria ya jimbo inayofaa ingekuwa na mambo machache, na yote yanaweza kuandikwa katika kurasa mbili. Ianze kwa kipimo cha watu: idadi ya anwani zilizoibiwa ndiyo ipandishe ngazi ya kosa. Ifanye kuwa kosa kukaa na ufunguo wa mshale, uwe halisi au wa kughushi, bila kibali na kwa nia ya kuiba, hata kama mtuhumiwa hajafungua sanduku lolote bado. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu askari anayekuta ufunguo bila barua leo anaweza kulazimika kumwachia mtu aende zake. Ihesabu pia vifurushi vinavyoletwa na kampuni binafsi, maana mgonjwa anayengoja dawa hajali ni gari la nani lililoileta. Iruhusu kesi kufunguliwa katika kaunti yoyote ambamo barua iliibwa au hundi yake ikatumika, kwa sababu wezi huiba huku na kutoa fedha kule. Na impe kila aliyeibiwa haki ya kupata nakala ya taarifa ya polisi, kwani bila karatasi hiyo benki na idara ya uhamiaji humsumbua.

Kipengele hicho cha mwisho kinaweza kuonekana kidogo. Mtu aliyeibiwa hundi huhitaji kuithibitishia benki yake kwamba hakuandika jina lile jipya, na sheria za biashara za majimbo humpa muda maalumu wa kuchunguza taarifa za akaunti yake na kulalamika. Akichelewa, hasara yaweza kuwa yake. Mhamiaji ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubahatisha, anayefukuzwa kwenye kaunta ya polisi kwa kuambiwa aende posta, huupoteza muda huo bila kujua. Haki ya kuandikiwa taarifa, iliyowekwa wazi ndani ya sheria, ingemlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Lawama ya Shirika la Posta lenyewe haikwepeki. Mwaka 2020 uongozi wake uliwazuia askari wake wenye sare kufanya doria nje ya majengo ya posta, hatua ambayo chama cha askari hao kimeipinga tangu siku hiyo. Funguo za zamani ziliachwa zizagae bila hesabu. Mei 2023 shirika lilitangaza mpango wa kubadilisha kufuli 49,000 kuwa za kielektroniki na kuweka masanduku ya buluu 12,000 yenye ulinzi zaidi. Hatua hiyo ni njema, lakini ni ndogo mbele ya nchi yenye anwani milioni 167. Mwaka 2024 wabunge wa vyama vyote viwili waliwasilisha katika Bunge la Marekani muswada wa kuwalinda matarishi na kutenga fedha za kubadilisha funguo hizo. Chama cha matarishi kiliuunga mkono, na kilikuwa na haki ya kuusukuma. Hata hivyo, kufuli mpya zitachukua miaka mingi kuenea. Sheria ya jimbo inaweza kuanza kazi ndani ya mwaka uleule inapopitishwa.

Wengine husema tatizo litakufa lenyewe, kwa kuwa hundi za karatasi zinaelekea kaburini. Ni kweli kwamba Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuitaka serikali kuu iache kulipa kwa hundi za karatasi ifikapo tarehe 30 Septemba mwaka huo, na Hazina ilieleza kwamba hundi zake zina uwezekano mara 16 zaidi wa kupotea, kuibwa, kubadilishwa au kurudishwa kuliko malipo ya kielektroniki. Lakini amri hiyo haiwahusu mpangaji na mwenye nyumba wake, wala muumini na kanisa lake. Dawa haiwezi kutumwa kwa intaneti, wala kadi ya ukaazi. Mwizi aliyenyimwa hundi atafungua bahasha nyingine, na taarifa za mtu zina soko lake pia.

Wakati sheria zinangojwa, wakazi wana jambo la kufanya. Shirika la Posta lina huduma ya bure inayomtumia mteja kwa barua pepe picha za bahasha zitakazomfikia siku hiyo, hivyo anayeisubiri kadi yake hujua mapema kama iko njiani. Hundi ni salama zaidi ikikabidhiwa ndani ya ofisi ya posta kuliko kuachwa usiku kwenye sanduku la kona. Kila wizi uripotiwe mara mbili, kwa wapelelezi wa posta na kwa polisi wa eneo, hata kama kinachokosekana ni bahasha moja. Jumuiya za Wakongo, Wakenya na Watanzania katika miji ya Marekani, ambazo zimezoea kusaidiana kwa misiba na harusi, zinaweza kuwasaidia wageni kuandika taarifa hizo kwa Kiingereza. Bila takwimu za kaunti, mbunge wa jimbo hana cha kuwaonyesha wenzake.

Mabunge mengi ya majimbo hufungua vikao vyao Januari, na wabunge wake ni watu wanaofikika: wana ofisi mitaani, hujibu simu, huja kwenye mikutano ya hadhara. Mpiga kura yeyote, awe mzaliwa wa Ohio au mkimbizi wa Bukavu aliyepata uraia akiwa Iowa, ana haki ya kumwuliza mbunge wake ana kwa ana: mtu akikamatwa usiku huu mtaani kwetu na ufunguo wa mshale na barua za nyumba hamsini, sheria ya jimbo letu inamfungulia shtaka gani? Jibu likiwa ni wizi mdogo, muswada uandikwe kabla ya kikao hicho kufungwa.